Bibi Oksana Hakunipa Hongera ya Pacha

Rehema wangu amejifungua pacha. Wa kiume wote wawili.

Doha, Jumanne, Machi 2009. Vumbi tangu asubuhi, lakini bibi wa pacha ana habari gani na vumbi? Darasa la saba niliishia, ila kwa uzazi nani anifikie?

Leo nimerudi kazini West Bay, kwa Bibi Oksana, mzee wa Ukraine ninayemtunza. Nikamwaga sifa. Kulwa ana sauti ya mwadhini. Doto mpole, analala tu. Na kwetu Kulwa ndiye mkubwa, ndiye anayetangulia titi.

"Na huyo mpole?"

"Hupata yanayobaki, Bibi."

Akaweka kijiko chini.

Akanisimulia: alipokuwa mtoto kwao Ukraine, wakubwa wa serikali walituma watu na vyuma virefu. Wakachokoa sakafu na jiko la udongo, wakitafuta ngano iliyofichwa. Walibeba yote. Hata maharage yaliyokuwa yanachemka waliyamwaga chini. Wakulima wa ngano wakala magome ya miti.

Mama yake alikuwa na pacha, na maziwa yalibaki ya mmoja. Akampa anayelia, kwani anayelia bado ana nguvu. Aliyenyamaza akamlaza juu ya lile jiko, ambako kwao watu hulala penye joto, akamgeuzia uso ukutani asimwone mwenzake akinyonya.

"Majirani walimsifu," akasema Bibi. "Mtoto gani mtulivu hivi. Mimi ndiye niliyekaa naye. Hakulia hata mwisho."

Nikauliza, na yule aliyenyonya?

"Naye hakufika mavuno."

Kisha akaendelea na supu yake.

Nikampigia Rehema papo hapo.

"Mwamshe Doto."

"Mama, amelala, mwache jamani."

"Mwamshe, nimesema."

Hakuamka vizuri. Titi lilimtoka mdomoni. Mkwe wangu akawakimbiza hospitali, nami nikawafuata. Daktari kasema macho yana manjano na mwili umekauka maji. Wamemlaza.

Mimi nimelea watano, na nilimsifu mtoto aliyekuwa anaishiwa nguvu.

Huenda Alhamisi akatoka. Basi ndugu zangu, karamu ya pacha ni Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa Rehema, Abu Hamour. Mbuzi nanunua mimi, na pilau yangu mnaijua. Asipotoka pia njooni. Rehema asikae peke yake Ijumaa.