Mshipa Uliogoma

Nimeaibika leo, we acha tu.

Si nilikuwa kule chuo cha udaktari nazibua sinki? Daktari akaniomba nimsaidie kuwaonyesha wanafunzi wake mshipa wa mtu mwenye afya. Nikajilaza kitandani najiona bingwa.

Akanibana mkono kwa ule mkanda wa kupimia presha, dakika tano nzima, akaachia. Damu ikirudi, mshipa unatakiwa utanuke. Wote macho kwenye skrini ya ultrasound, mshipa wangu unaonekana pale.

Haukutanuka. Nakwambia HAUKUTANUKA.

Nikamwambia, "Daktari, kama ni uchafu, mwaga dawa uzibue."

Akasema, "Fundi, hili si bomba. Utando wa ndani ya mshipa uko hai, ndio unaouambia utanuke. Wako umechoka, na ukizidi kuchoka moyo ndio utakaoumia. Unavuta sigara?"

Wanafunzi wakaandika. Hata sijajibu!

Sinki lenyewe nimelizibua, maji yanashuka safi. Wakalipigia makofi sinki.

Wakati naondoka akaniuliza kama nina rafiki mwenye afya nimlete kesho. Nikakufikiria wewe, na ile sigara yetu ya kwanza tuliyovuta kwa zamu.

Nikamwambia sina.