Mistari Minne Niliyoiacha Wazi

Jumanne, 5 Machi

Barua imefika. Tarishi wa pikipiki aliileta kaunta, nikaipokea mwenyewe, nikaisaini mwenyewe — kumbe najipokelea balaa langu! Tume ya malalamiko dhidi ya polisi. Wananitaka Jumanne ya tarehe 19, saa tatu asubuhi, ukumbi wa boma kule Zomba, nikaeleze ninachojua kuhusu kifo cha Yamikani Nsewa, aliyefia mahabusu kwenye kituo chetu cha Mpindo tarehe 17 Februari. "Sajenti Enelesi Mtambalika, zamu ya asubuhi, kaunta." Jina langu lote, bila kosa. Kwenye orodha ya kupandishwa vyeo hulikosea kila mwaka, hapa hawakulikosea.

Nimempelekea Inspekta Gwaza, mkuu wetu. Kaisoma amesimama. Kasema isinipe tabu, tutaongea. Halafu akauliza kama mahindi yangu ya uani yameshakuwa ya kuchoma.

Yamekuwa. Ila leo sikuvunja hata moja.

Jumatano, 6 Machi

Niliandike hili sasa hivi. Nikilificha hata humu, nimekwisha.

Kitabu cha matukio kinataka kila jambo liandikwe kwa mfuatano wa saa. Doria zetu hutoka kwa baiskeli. Mvua ikinyesha barabara inakuwa uji, mtu anarudi saa nane na tukio la saa nne. Akiliandika chini kabisa, wakaguzi wanauliza mbona saa zinarudi nyuma. Kwa hiyo tunaacha nafasi. Mistari minne katikati ya zamu, kwa ajili ya waliochelewa. Isipotumika unaikata kwa kalamu kabla ya kukabidhi. Kanuni inataka hivyo. Nani anakumbuka?

Na desturi hii niliileta mimi! Nilitoka nayo kituo changu cha kwanza. Lufeyo Chidothi nilimfundisha mimi, alipokuja konstebo mpya hajui hata kitabu kinashikwaje. Acha nafasi, mdogo wangu, mwenzako asiumbuke.

Tarehe 17 nilimwandika Yamikani saa tatu na dakika arobaini. Miaka 26. Kazi yake kabaza, kubeba abiria kwa baiskeli. Kosa: lugha chafu kwa askari. Lugha chafu yenyewe ni kwamba alikataa kumpakia Lufeyo bure, mbele ya soko zima. Vitu vyake: mkanda, kofia, ufunguo wa kufuli. Chini yake nikaacha mistari minne.

Leo nimekifungua kitabu. Mistari imejaa. "Mshukiwa alifikishwa kituoni akiwa na majeraha ya kichwa baada ya kupigwa na wananchi wenye hasira sokoni." Mwandiko wa Lufeyo. Nimeukazia macho mpaka maneno yakaanza kucheza.

Hakuwa na hata mchubuko. Aliingia kwa miguu yake.

Ijumaa, 8 Machi

Gwaza kaniita ofisini. Kaa, dada Ene, kaa, umekunywa chai? Kaniandalia kikombe kwa mkono wake, sukari mbili, anajua ninavyopenda.

"Jambo lenyewe dogo tu," akasema. "Uliacha nafasi. Lufeyo akajaza palepale, wewe ukiwepo. Basi, imekwisha."

Nikamwambia afande, sikuwepo. Nilikabidhi saa nane na mistari ilikuwa mitupu.

Akacheka kweli, si cheko la kuigiza. "Mitupu! Ndivyo utakavyowaambia? Kwamba sajenti mwenye miaka kumi na tisa kazini anaacha kitabu cha serikali wazi kama mlango wa kilabu cha pombe? Dada yangu, watakuvua sare wewe kabla hawajatugusa sisi."

Akakisogeza kikombe karibu yangu.

"Na nyumba ya kota ni ya mwenye sare. Tadala amebakiza miaka mingapi huko chuoni? Miwili?"

Miwili. Anamjua binti yangu tangu akiwa na meno ya utotoni. Kinachoniuma ni kwamba hakunifokea. Aliongea kama kaka mtu. Na kuhusu kufukuzwa hakudanganya, kanuni naijua vizuri kuliko yeye.

Chai niliimaliza. Sijui kwa nini niliimaliza.

Jumapili, 10 Machi

Bombani asubuhi. Kicheko nilikisikia toka mlangoni kwangu, nikafika na ndoo, kikafa. Kisha wanawake wakasogea, wote, wakaniachia njia.

"Tangulia, Sajenti," akasema Fyness.

Fyness ni mke wa Lufeyo. Ukuta wetu ni mmoja. Miaka yote hii ni kupigiana kelele juu ya ukuta: Mama Tadala una chumvi, Mama Tadala njoo uonje hii, Mama Tadala mumeo angekuwa hai angekukataza hicho kitambaa! Leo Sajenti. Nikakinga maji huku wamenitazama kimya, na bomba letu la Mpindo lilivyo, ndoo moja inachukua mwaka.

Nimempigia Tadala, nikamwambia kwa ufupi. Akauliza, "Na mimi je, mama?" Papo hapo akaomba msamaha. Nikasema hamna neno, kasome. Sijakasirika naye. Nina upweke tu, na yeye yuko Blantyre.

Nimesonga nsima, ugali wa mtu mmoja. Imebaki.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekuwa nikiandika humu kana kwamba sikujua kitu.

Saa sita mchana ile Jumamosi ya tarehe 17 walimtoa Yamikani mahabusu, Gwaza na Lufeyo, wakampitisha mbele yangu kwenda chumba cha stoo. Alinitazama. Mara ya kwanza nilipousikia mshindo nikajiambia ni meza. Mara ya pili nikajua si meza. Nikaongeza sauti ya redio. Yalikuwa matangazo ya vifo. Nikayasikiliza yote, majina ya watu nisiowajua, wilaya kwa wilaya, mazishi saa ngapi, mpaka mwisho.

Saa nane nikakabidhi, nikaenda zangu kupalilia. Saa kumi na moja wakasema amefariki.

Yatosha leo.

Alhamisi, 14 Machi

Lufeyo kanifuata uani, nikiwa navunja mahindi. Kavaa fulana, miguu mitupu. Kakonda.

"Dada, utaniua?"

Nikamuuliza nani alimwambia aandike yale. Kasema Gwaza alisimama nyuma yake, anamtajia neno kwa neno. Kasema angefanyaje. Kisha akaanza kulia, mtu mzima, kamasi na vyote. "Mimi nilimpiga mara mbili tu, dada. Mara mbili!"

Ana hesabu! Nikataka kumtwanga kwa gunzi.

Nikamwambia nilikufundisha kumwachia mwenzako nafasi aandike ukweli wake.

Akajipangusa uso kwa mkono. "Ukweli? Kwani siku zote humo tulikuwa tunaandika ukweli? Yule mwizi wa mbuzi aliyevunjika mkono, tuliandika nini, dada? Si ulikuwepo?"

Tuliandika ameanguka. Nilikuwepo.

Nikampa mahindi matano ampelekee Fyness. Fyness ameyarudisha kwa kuyaweka juu ya ukuta, yamepangwa vizuri kabisa. Mpaka sasa yako pale, sitaki kuyagusa na yeye hataki kuyagusa.

Jumamosi, 16 Machi

Msiba kota. Nyanya yake Fyness, aliyekuwa akiishi nao. Bibi mcheshi yule, alikuwa akiniita mkwe. Nimelia kwa dhati.

Nikajifunga kitenge, nikabeba unga kichwani na mzigo wa kuni kwapani, nikaenda. Hapa kwetu mtu anaweza kukununia mwaka mzima, lakini msibani unaingia jikoni. Sufuria la msiba, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, huo mwiko ni wangu. Miaka tisa nasonga mimi, wanasema nina mabega ya kiume. Nikaenda moja kwa moja kwenye moto, nikanyoosha mkono.

Mwiko haukuja.

Fyness akatoka ndani, macho mekundu. Akaupokea unga wangu vizuri, kwa mikono miwili. Akashukuru. "Ila usijichoshe, mama. Mgeni hapiki."

Mgeni! Wakanitandikia mkeka peke yangu, pembeni, kivulini. Wakaniletea sahani ya wageni, nsima imelainishwa, vipande viwili vya kuku, wakati wenyewe wanakula maharage. Fyness akapiga magoti mbele yangu na beseni, mtu aliyefiwa, akaninawisha mikono. Taratibu. Kidole kwa kidole. Wote wanatazama. Nikala. Ningekataa ningekuwa nimewatukana, ningekula ningekuwa nimekubali. Nilikula nikakubali.

Bora wangenitemea mate!

Lori la kwenda kuzika kijijini, wakasema limejaa. Halikujaa. Nafasi niliiona kwa macho yangu, karibu na majembe. Hakuna aliyesema panda. Nimerudi ndani nikakaa na kitenge changu cha msiba mpaka jua likaondoka dirishani.

Nikifa hapa Mpindo, nani atanisongea?

Jumatatu, 18 Machi

Kesho. Nimepiga pasi nguo za kiraia. Sijui nitasema nini. Kweli sijui. Asubuhi nilikuwa na jibu, mchana nikawa na jingine. Gwaza kapita kaunta akanigonga bega kidogo, akasema tutakwenda gari moja, dada, kwa nini uhangaike. Nimemwambia nitakwenda na basi.

Jumanne, 19 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya ukumbi. Wamepumzika kwa chai. Naandikia mapajani, mwandiko huu ni aibu.

Nilifika saa moja na nusu. Akaja mama mmoja, mfupi, kitambaa cheusi kichwani, akakaa karibu yangu. Tukasalimiana. Umelalaje, nimelala, sijui wewe, salamu zote tukafika mwisho. Akanitazama, akanionea huruma. "Na wewe, mwanao alikuwa nani?" Alidhani nami nimefiwa. Nikatikisa kichwa tu, naye akanishika mkono. Tukakaa hivyo. Wiki mbili hakuna mtu aliyenigusa, ukiacha lile bega na ile kunawishwa. Mungu anisamehe, niliuacha mkono wangu pale.

Halafu karani akatoka. "Sajenti Enelesi Mtambalika, polisi Mpindo!"

Mama akautazama mkono. Akaurudisha wake mapajani.

Ndani wako wajumbe watatu. Gwaza na Lufeyo mbele, sare zimenyooka. Wakili wa familia ni binti mdogo, umri wa Tadala na miaka michache tu juu, ana mafua. Akanipa kitabu, akaniomba nisome nilichoandika saa tatu na dakika arobaini. Nikasoma. Mkanda, kofia, ufunguo. Akasema ishia hapo. "Maneno yanayofuata si mwandiko wako. Ulipokabidhi zamu saa nane, yalikuwepo?"

Nikaomba maji. Nikanywa. Mwenyekiti akatazama saa, akasema basi shahidi apumzike, chai, robo saa. Gwaza alinitabasamia. Kwa upole kabisa.

Nikatoka nikarudi kwenye benchi hili, nimeinamisha kichwa. Nikaona miguu imesimama mbele yangu, ndala za rangi mbili tofauti.

"Kumbe ndiwe uliyempokea mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Wanasema alikuja amepasuliwa kichwa na watu wa sokoni. Mimi sokoni pale nauza dagaa. Nimewauliza wote, mmoja mmoja. Wewe niambie. Alikuja akitembea?"

Gwaza alikuwa hatua nne kutoka hapa, na kikombe chake. Lufeyo nyuma yake, mdomo umejaa mandazi. Akaacha kutafuna.

"Alikuja akitembea, mama," nikasema. Sikunong'ona. "Hakuwa na damu. Alinisalimia, shikamoo dada. Akaniuliza nani atamwangalizia baiskeli."

Mama akakaa. Alikaa kwa kishindo. Gwaza akakitua kikombe dirishani, akamwambia Lufeyo kitu, akaingia ndani haraka. Lufeyo hakumfuata. Amebaki pale, anatazama sakafu.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilidhani mama atalia, au atanishukuru, sijui, nilidhani kuna kitu kitaisha. Alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa, akageuka, akanitazama vizuri, mtu na mtu.

"Basi walimpiga humo humo ndani."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Karani kachungulia kasema bado kidogo, mwenyekiti yuko kwenye simu, tukae tayari. Nimetoa daftari hili mkobani ili mikono ipate kazi, ili nisimtazame. Hajaondoka. Bega lake limegusana na langu, nahisi anavyopumua. Hajarudia swali. Anangoja tu nimalize kuandika