Mlango wa Inger-Lise

Solvej, acha hayo mapishi yako usome.

Nimetoka sasa hivi kwenye sherehe ya kukamilika kwa paa la maktaba mpya. Shada la majani limetundikwa juu, kama desturi ya wajenzi, bia na soseji za kumwaga. Na Inger-Lise alialikwa. Ndiyo, jirani yetu, yule yule waliyembomolea nyumba ili wapate kiwanja. Alikuja na koti lake la Krismasi, masikini.

Asger, yule mbunifu wao wa majengo, akatuhutubia. Eti ukuta mzima ni milango ya nyumba zilizobomolewa, hakuna mti hata mmoja uliokatwa. Watu wakapiga makofi.

Inger-Lise akausogelea ule ukuta. Solvej, akauona mlango wake wa jikoni. Mikwaruzo ya mbwa wake, marehemu Buller, iko pale pale.

Akamwambia Asger, "Mwanangu, huu ni mlango wangu."

"Ulikuwa wako, bibi. Huko ulikuwa takataka. Sisi tumeupa uhai."

Takataka. Na huku anatafuna soseji.

"Lakini nyumba ilikuwa nzima," bibi akasema. "Nilikuwa naishi humo."

Takataka, Solvej. Bado siamini.

Asger akamwita mpiga picha, akamsimamisha bibi mlangoni. "Shika kitasa, bibi, kama vile unaingia nyumbani."

Akashika. Kisha akavuta kwelikweli, kama alivyozoea. Mlango umepigiliwa misumari, nyuma yake zege jipya tupu.

Asger akamshika mkono. "Taratibu, bibi. Utatuharibia mlango."