Kaboni Kwenye Githeri

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga deki wodi mbili, nikapita Makutano kununua vijiti vya meno, nikafika shuleni Kaaga nimechelewa. Darasa la jioni la watu wazima. Kemia, mada ileile ya vifungo vya atomu. Mwalimu ametangaza mtihani Ijumaa. Atakayeanguka aache kemia. Bila kemia hakuna chuo cha uuguzi, nami nitazeeka na ndoo ya deki. Siachi.

Jumanne, 4 Machi
Kitabu kimenishinda, kwa hivyo nimeamua kuzishika atomu kwa vidole. Jana niliroweka nafaka ili vijiti vipenye. Njahi, zile mbegu nyeusi, ni kaboni, mikono minne. Maharagwe mekundu ni oksijeni, miwili. Mahindi ni hidrojeni, mmoja tu, maskini. Kijiti kimoja, kifungo kimoja. Nimeunda maji, methani, hata pombe. Nimeziacha jikoni ndani ya maji zisikauke. Najivunia, na sijali.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe amepika molekuli zangu.
Nimetoka kazini nikakuta sufuria inatokota na vijiti vimeoshwa, vimeanikwa dirishani. Njahi, maharagwe, mahindi, vyote vimerowekwa, tayari kwa githeri. Angedhani nini kingine? "Mama Kendi, nimeona umeanza githeri, nikakumalizia," akasema, amefurahi kweli. Nilitaka kulia. Nimekula nikiwa nimenuna. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Nafaka zimeisha. Nimejaribu kiporo cha githeri, lakini njahi iliyoiva inapasuka ukiidunga. Nikaweka vijiti kando, nikapanga punje tu kwenye sahani. Mama mkwe akauliza kama nakula ama nacheza na chakula. Nikamweleza yote, hata habari ya mtihani. Akavuta kiti.
Nikamwonyesha njahi moja kati ya maharagwe mawili: hewa tunayoitoa tukipumua. Kila upande kifungo kimoja, nikamwambia.
"Si umesema hii nyeusi iko na mikono nne? Imetumia mbili. Hizo zingine zinashika nini?"
Vifungo viwili kila upande! Kosa hilo nimelirudia tangu muhula uliopita. Tumeendelea hivyo, yeye akiuliza, mimi nikijibu, na kila jibu sahihi nalila. Nimeshiba.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani. Swali la tatu, amonia. Nitrojeni sikuwahi kuiroweka. Nimeogopa. Kisha nikajiuliza kama ambavyo Mama angeuliza: iko na mikono mingapi? Mitatu. Inashika nini? Hidrojeni tatu. Nimechora.

Jumanne, 11 Machi
Nimepita. Si kwa kishindo, lakini nimebaki kwenye kemia.
Nimefika nyumbani, Mama ameenda mkutano wa akina mama kanisani. Jikoni ameroweka nafaka. Sufuria kubwa ya githeri. Kando yake bakuli dogo: njahi, maharagwe, mahindi. Amelifunika kwa sahani, na juu ya sahani ameweka vijiti vyangu.