Ombi Lisilotajwa

Jackson, Tennessee
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Na goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisani? Sisi tupo, ila kuna jambo, nalo ndilo limenishikisha kalamu. Simu siku hizi siziamini.

Mama, mtoto niliyembeba hatapona. Figo hazikuota, na bila figo mapafu hayafunguki. Akizaliwa atahangaika kutafuta pumzi kidogo, basi. Daktari alifunga mlango kwanza ndipo akaniambia: "Hapa Tennessee nikikusaidia kuitoa mimba hii nafungwa. Kentucky vilevile. Vuka mto Ohio, ukifika Illinois ni matibabu kama mengine." Mto, Mama! Tumbo si lilelile huku na ng'ambo?

Kile kibao cha kupinga utoaji mimba ulichosimamisha mbele ya nyumba yako nakijua, na sikuandikii tubishane. Naomba ukae na Tess wakati mimi na Dale tuko safarini, na usimwambie mtu. Nafundisha chekechea ya kanisa. Wakijua, kazi sina.

Mwanao,
Corrine

Dresden, Tennessee
7 Machi 2024

Corrine wangu,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu Dale na huyo mjukuu wangu mtundu. Goti linauma mvua ikikaribia, mengine namshukuru Mungu.

Nimelia mpaka macho yamevimba. Sikudanganyi, kibao bado kipo, na moyo wangu haujui usimame wapi. Lakini wewe ni mwanangu. Mlete Tess, tutapika biskuti achafue jiko lote apendavyo. Na mdomo wangu nimeufunga.

Mama yako

Jackson
29 Machi 2024

Mama,

Leo sikuulizi hali.

Illinois walinipokea kama mtu. Muuguzi aliniuliza kama mtoto ana jina, nikamwambia tulimwita Amos, naye akalitamka polepole. Nilirudi na huzuni yangu nikidhani ni yangu peke yangu. Mlangoni nikakuta mabakuli ya kuku na viazi, kama tuna matanga! Bakuli moja lina kikaratasi: "Mungu husamehe hata hili."

Mkuu wa chekechea ameniambia nisirudi. Na Tess ameulizwa na mwenzake kwa nini mama yake ametupa mtoto. Ana miaka mitano, Mama. Amekuja kuniuliza nimemtupa wapi.

Ulimwambia nani?

Corrine

Dresden
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Sina uso wa kukusalimu, lakini nakusalimu.

Sikumwambia mtu. Ndivyo nilivyokuwa najiambia. Siku ile mlipoondoka nilishikwa na hofu, nikampigia Earline wa kanisani, maana yeye ndiye anayeanzisha mnyororo wa maombi, ule wa kupigiana simu. Nikamwambia, "Nina ombi lisilotajwa." Unajua kwetu mtu akisema hivyo haulizwi, anaombewa tu. Earline akasema ataomba, kama ipasavyo. Ningekata simu hapo! Lakini ulimi hauna mfupa. Nikaongeza, "Waombee na wasafiri, barabara ya Illinois ni ndefu."

Ee Mungu wangu. Nani huku anakwenda Illinois kutazama mahindi? Earline akampigia Wanda, Wanda akawapigia wenzake, na kabla sijamaliza kuosha vyombo kanisa zima lilikuwa limepiga magoti juu ya jina lako. Nilidhani kuomba si kusema.

Kile kibao nilikisimamisha nikiwafikiria wanawake fulani wasiojali. Hao sikuwahi kuwaona hata mmoja. Niliyemwona ni wewe, ukishuka garini umeshika tumbo kwa mikono miwili. Nimeking'oa.

Nimekukosea, Corrine. Nisamehe.

Mama yako

Dresden
16 Juni 2024

Corrine,

Hamjambo nyote? Barua zangu huzijibu na simu hupokei, nami sikulaumu.

Leo kanisani, mchungaji alipouliza nani ana ombi, nilisimama. Nikasema, "Langu leo nalitaja. Niombeeni mimi, nilimtia mwanangu midomoni mwa watu, na midomo yenyewe ni hii yenu." Earline alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, akatafuta mpaka ibada ikaisha.

Nampenda Tess. Nawapenda wote. Na Amos.

Mama yako

Carbondale, Illinois
9 Februari 2025

Mama,

Hujambo? Goti linaendeleaje?

Sisi wazima. Tumehamia huku, Dale amepata kazi kwenye karakana ya malori. Tess anakuuliza kila akiona unga.

Bado nina hasira. Nyingine imepungua, nyingine ipo palepale. Lakini nina mimba tena, na safari hii mambo yakiharibika sitaki kuanza kuuliza mto uko wapi. Ndiyo maana tumehama.

Anajua Dale, anajua daktari. Na sasa unajua wewe.

Mwanao,
Corrine

Dresden
14 Februari 2025

Mwanangu,

Nashukuru kusikia mu wazima. Mimi sijambo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaichoma jikoni.

Earline kapiga simu jioni. "Corrine wako habari zake?" Nikamwambia nasikia huko kunanyesha. Akauliza, "Huna ombi lolote, mpenzi? Hata lisilotajwa?"

Nikamwambia ninalo. Goti.

Mama yako