Baba amecheka makaburini

Tumpe, uko? Baba amecheka makaburini. Amecheka kwa sauti, jeneza la shangazi Serafina likishushwa!

Si kutabasamu. Kucheka mpaka mabega yanatikisika, padri akakatiza sala.

Unajua tangu apate kiharusi yuko hivyo. Daktari kule Mbinga alitueleza kuwa sehemu ya ubongo inayozuia kicheko na kilio imeumia, kwa hiyo hata huzuni inaweza kumtoka kama kicheko. Nyumbani tumezoea. Watu wa huku Lundo wangejuaje?

Joakim, mtoto wa marehemu, akamfuata: "Mjomba, unamcheka mama yangu?"

Unamcheka mama yangu! Mbele ya watu wote! Baba akataka kujibu, kicheko kikazidi. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Nikaanza kueleza habari za ubongo, mama mmoja akanikatiza: "Ubongo gani huo unaofurahia kifo cha dada?"

Joakim akasema tumtoe. Dada yule ndiye aliyemlea Baba, Tumpe, na Baba hata udongo hakutupa kaburini.

Nimemkalisha huku ufukweni. Akatulia kidogo, akaniambia, "Mwanangu, ndani nalia. Nenda uwaambie nalia."

Nikarudi kumwambia Joakim. Hakunigeuzia hata uso.

Sasa wanaimba wimbo wa mwisho, unasikika mpaka huku. Baba ameusikia, ameanza tena. Nimemshika kwa mkono mmoja, nakuandikia kwa mwingine, na watu wanaotoka makaburini wanapita wakitutazama.