Kaburi Iko na Mtu

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mvua tena. Matope mpaka mlangoni. Nimemaliza sura ya nne kwa simu — mimi mwenyewe, bila miwani! Mwalimu wa ngumbaru alisema kichwa yangu ni jiwe. Sasa jiwe inasoma zombi.

Hii hadithi kila sura mtu mwingine anaongea. Kwanza polisi, halafu nesi, halafu mama mboga. Wote wanakimbia wafu. Nikamwambia Ciku wa duka, hao wafu wakinipata hapa Kimumu watarudi kaburini wakilia. Si nilipiga fisi ngumi? Akacheka: Mzee Joash, wiki jana huyo fisi si alikuwa mbwa?

Alikuwa mbwa. Ameendelea kukua.

Jumatatu, 7 Julai

Ndugu zangu wamepiga simu kutoka Siaya. Wameamua. Jumamosi tunamzika Cyril.

Tunazika nini? Kijana yangu alienda Kongo na lori. Miaka tisa, hata salamu hakuna. Mwili hakuna. Kwa hivyo ni yago — lile tunda refu la porini, linalazwa kaburini badala ya mtu, roho itulie. Nimeona kwa mazishi ya wengine. Hata nilichekesha watu hapo. Baba ndiye anamwaga mchanga ya kwanza.

Mke wangu Rosebella amekubali. Ametoa shati ya bluu ya Cyril, anaipiga pasi. Ya kufunika tunda.

Nikasema, mama, tafuta na suruali basi, tunda isione aibu. Hakucheka.

Jumatano, 9 Julai

Sura ya saba. Heri nisingesoma.

Leo anaongea mfu mwenyewe! Hana hasira. Hana hata njaa. Anatembea tu, anarudi kwao, miguu imeharibika. Anafika — geti imefungwa. Kando ya nyumba kuna kaburi, na jina yake. Anachimba na mikono.

Kaburi iko na mtu.

Hapo mwandishi amekata. Shetani huyo!

Simu nimeifunika na sufuria. Chai imepoa.

Jioni Ciku ameuliza, leo umechapa zombi ngapi, Mzee? Nikanunua chumvi nikaenda. Chumvi tuko nayo.

Alhamisi, 10 Julai

Rosebella: nani anaacha geti wazi? Nikasema mbuzi ya jirani. Mbuzi gani inajua kufungua komeo, Joash? Nikasema hiyo mbuzi imesoma kunishinda.

Ni mimi. Tangu jana.

Mwishowe nimemuuliza. Akirudi akute tunda imelala mahali yake, itakuwaje?

Alikuwa anakunja shati. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja. Halafu akasema pole pole: na mimi je, baba Cyril? Kila lori ikipita naamka. Niamke mpaka lini?

Sikuwa na mzaha. Mimi!

Ijumaa, 11 Julai

Gari imefika kutubeba mpaka Siaya. Honi. Rosebella ashaingia, shati iko kwa mapaja yake.

Sura mpya nayo imeingia kwa simu. Leo anaongea baba ya yule mfu. Nimesoma mstari moja tu — "Geti niliifunga mimi" — nikazima.

Mtu aliyepiga fisi!

Rosebella anaita: baba Cyril, funga geti twende.

Nimewaambia nimerudi kuchukua kofia. Kofia iko kichwani. Kufuli ya geti ndio iko hapa mezani, nimeiangalia mpaka —

Honi tena.